Nendeni Mkiwa Wazima

Mama zangu wa Likasi, dada zangu wa Kikula, Panda na Shituru, maneno haya ni yenu ninyi msioumwa. Ni yako wewe uliyeamka leo alfajiri ukawasha makala, ukawapa watoto chai, ukajitwika beseni kwenda sokoni, na mwili wako haukukudai chochote. Hutokwi damu nje ya siku zako. Kiuno hakikuumi. Mumeo hana la kulalamika. Wewe ndiwe ninayekutafuta. Mgonjwa ana watu wa kumwombea, wa kukesha naye, wa kumchangia nauli. Mwanamke mzima hana anayemfikiria, na ni ndani ya mwanamke mzima kansa ya shingo ya kizazi inapoanzia. Inakaa humo miaka na miaka bila kumuuma. Siku inapoanza kumuuma, muda wa kuizuia kwa urahisi umekwisha kupita.

Nasema basi: nendeni mkapimwe sasa, mkiwa na nguvu za kutembea wenyewe hadi lupitalo. Msingoje dalili, kwa maana dalili za ugonjwa huu huja nyuma ya ugonjwa.

Katika mji huu hakuna kanisa lisilomjua yule mama aliyetokwa damu miaka 12. Wametodisti wanamhubiri, Wakatoliki wanamhubiri, Jeshi la Wokovu wanamhubiri, na makanisa ya uamsho yanamhubiri usiku kucha. Marko anaeleza kwamba mama huyo alimaliza mali yake kwa waganga na hakupata nafuu. Wapo wahubiri wanaoishika sehemu hiyo peke yake. Wanamwambia mwanamke: waona, waganga walishindwa, tupa karatasi ya munganga, ingia kwenye mfungo. Ndugu yangu mhubiri, rudi uisome habari hiyo yote. Mama yule hakubaki nyumbani. Alitoka, akajipenyeza kwenye umati ambao sheria ya dini yake ilimkataza kuugusa, akanyoosha mkono. Bwana hakumkemea kwa kuwatafuta waganga, wala hakumwaibisha kwa ugonjwa wa sehemu za siri. Alimsimamisha mbele ya watu wote, akamwita binti. Ukimtumia mama huyo kumzuia mwanamke asiende kutafuta uzima, umemgeuza awe kinyume cha alivyokuwa.

Na liko jambo tunaloliruka kila tunapohubiri habari hiyo. Mama yule aliishi na damu yake miaka 12. Kansa ya shingo ya kizazi ikishaanza kutoa damu, na mwanamke asipotibiwa, haimpi miaka 12. Imani yake ichukueni, ujasiri wake uchukueni, lakini safari yenu ianzeni kabla ya damu.

Sikilizeni ugonjwa huu unavyotembea, maana adui asiyejulikana hapigwi. Karibu kansa zote za shingo ya kizazi zinaletwa na virusi vya papiloma. Kuna aina nyingi za virusi hivyo, na aina mbili, ya 16 na ya 18, zinasababisha karibu asilimia 70 ya kansa hizo. Mjerumani Harald zur Hausen ndiye aliyelithibitisha jambo hili katika miaka ya 1980, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2008. Virusi hivyo vinapita kwa njia ya tendo la ndoa, na vimeenea kiasi kwamba karibu kila mtu aliyewahi kukutana na mwenzake kimwili hukumbana navyo. Katika wanawake wengi mwili huvishinda wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Katika wachache vinabaki, vinaanza kubadilisha seli za shingo ya kizazi polepole. Kutoka hapo hadi kansa kamili hupita kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke ambaye kinga yake ni dhaifu, hasa mwenye virusi vya Ukimwi asiyetibiwa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu, na hatari yake ya kupata kansa hii ni mara sita ya ile ya wenzake.

Kwa hiyo asiwepo mtu wa kumnyooshea kidole mwanamke huyu na kumwita malaya. Mke mwaminifu, aliyemjua mwanaume mmoja tu maisha yake yote, anaweza kuipata. Na asiwepo wa kusema ni bulozi, ni uchawi. Katika matanga yetu, mama wa miaka 40 akifa akivuja damu, macho yanamgeukia mama mkwe, au shangazi mjane anayekaa peke yake. Kikongwe wa watu anafukuzwa nyumbani, wakati ugonjwa uliomuua marehemu uliingia mwilini mwake angali msichana. Mbele za Mungu hilo ni kosa mara mbili: tumempoteza mmoja kwa kutojua, tukamwonea wa pili kwa kutojua.

Miaka hiyo 15 au 20 ni neema. Sijui jina jingine la kuipa. Kansa nyingi hazimpi mtu nafasi ya namna hiyo. Hii inakuachia muda mrefu ambao seli zimekwisha kubadilika lakini hazijawa kansa, na ndani ya muda huo zinaweza kuonekana na kuondolewa. Aliyetufungulia mlango huo ni Mgiriki, ndugu wa wale Wagiriki waliokuja Katanga kufanya biashara na ambao wazee wa Likasi wanawakumbuka vizuri. Jina lake George Papanicolaou, mzaliwa wa Kymi mwaka 1883. Alifika New York mwaka 1913 na mkewe Andromache wakiwa karibu hawana kitu, mama huyo akashona vifungo dukani ili wapate kula. Baadaye, Papanicolaou alipokuwa akichunguza seli kwa darubini katika chuo cha Cornell, mkewe alijitoa kupimwa tena na tena, kwa miaka mingi, ili mumewe ajue seli za mwanamke mzima zinavyoonekana. Mwaka 1928 alitangaza kwamba kansa ya shingo ya kizazi inaweza kutambuliwa kwa seli chache tu zilizofutwa mwilini. Wengi hawakumjali. Huko Romania, Aurel Babeș alikuwa amefikia jambo kama hilo wakati uleule. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1941, alipochapisha matokeo yake pamoja na Herbert Traut, ndipo dunia ikaanza kusikiliza. Jina lake lilifupishwa, na kipimo kikaitwa cha Pap. Wauguzi wetu wanakiita froti.

Mji huu unajua kupima. Hakuna mnunuzi wa Likasi anayelipa gunia la jiwe kwa kuliangalia kwa macho. Anachota kidogo, kinasagwa, kinapimwa kiasi cha shaba na kobalti, ndipo bei inasemwa. Froti ni sampuli ya namna hiyo, na wewe una thamani kuliko gunia lolote lililowahi kutoka Kambove. Unalala kitandani. Muuguzi anaingiza kifaa cha kupanulia uke ili aione shingo ya kizazi, kisha kwa kijiti au brashi ndogo anafuta seli za juu, anazipaka kwenye kioo, anakitia kioo dawa ya kuzihifadhi. Hakuna kisu wala sindano. Dakika chache tu, labda na usumbufu kidogo, kisha unavaa kitenge chako na kwenda. Kizazi hakiondolewi. Nalitamka wazi kwa sababu nasikia uvumi unaotembea: hakuna mtu anayeondolewa kizazi kwa froti. Usiende ukiwa katika siku zako, na kwa siku mbili kabla usikutane na mume, usijioshe ndani kwa dawa wala majani yoyote.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa wengi wanapotea. Froti haitibu. Froti inaonyesha. Majibu yakirudi kwamba kuna mabadiliko, hiyo si hukumu ya kifo, na mara nyingi hata si kansa. Munganga atataka kuangalia zaidi, pengine achukue kipande kidogo cha nyama kupima. Mabadiliko mepesi mengi yanaondoka yenyewe na yanahitaji kufuatiliwa tu. Yale makubwa yanaondolewa: kwa kugandishwa na gesi ya baridi kali, au kwa kuchomwa na kifaa chenye joto kinachoshikwa mkononi na kumaliza kazi kwa muda mfupi sana, au kwa kukatwa na waya mwembamba wa umeme baada ya ganzi. Mama anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kizazi chake kipo, na anaweza kuzaa. Baada ya hapo atatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, na anatakiwa kupumzika na tendo la ndoa karibu mwezi mmoja. Kisha arudi kupimwa tena baada ya mwaka, kuona kama palipotibiwa ni pasafi. Mwanamke aliyepimwa asirudi kuchukua majibu, na mwanamke aliyeambiwa kuna mabadiliko akaogopa matibabu, wote wawili wamebaki pale walipokuwa kabla ya kulala kitandani.

Tena mjue kwamba froti moja inaweza kukosea. Seli mbaya zinaweza zisiguswe na kijiti, au macho yanayosoma kioo yakazipita. Nguvu yake iko katika kurudia, kila baada ya miaka mitatu. Iceland ilianza mwaka 1964 kuwaita wanawake wake wote kwa utaratibu, si mara moja bali tena na tena, na kati ya 1965 na 1982 vifo vya kansa hii vilipungua kwa asilimia 80. Vilipungua kwa dawa ipi mpya? Hakuna. Walipungua wanaokufa kwa sababu wanawake wazima waliitwa, wakaja, wakatibiwa mapema.

Mtaniambia: hatuko Iceland. Kweli. Froti inataka maabara, inataka mtaalamu aliyefundishwa kusoma seli, inataka kioo kisipotee njiani na majibu yasikae miezi. Pale ambapo hayo hayapo, kuna njia nyingine, na msiidharau kwa kuwa ni rahisi. Muuguzi anapaka shingo ya kizazi maji ya siki yaliyopimwa, anangoja dakika moja, na sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe. Majibu unayapata palepale, na pengine matibabu siku hiyohiyo. Watu wetu wa ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, walio ndugu zetu kwa damu na kwa lugha, walianza hivyo Lusaka mwaka 2006, chini ya Dokta Groesbeck Parham na Dokta Mulindi Mwanahamuntu. Waliwatumia wauguzi, siki na kamera, wakiweka huduma hiyo jirani na kliniki za Ukimwi. Kufikia mwaka 2013 walikuwa wamepima wanawake zaidi ya 100,000. Zambia! Nchi ya shaba kama sisi, mvua ileile, vumbi lilelile. Walichokifanya wao hakituzidi.

Na kipo kipimo cha tatu, kinachotafuta virusi vyenyewe. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2021 linakitanguliza kuliko froti: kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10, na kwa mwenye virusi vya Ukimwi kuanzia miaka 25, kila miaka 3 hadi 5. Mwanamke anaweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe nyuma ya pazia. Kikifika kwenu, kipokeeni. Lakini asitokee mtu wa kusema anangoja kipimo bora wakati kipimo kilichopo kiko mbele yake. Na kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14, iko chanjo. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana wake mwaka 2011, Tanzania 2018, Zambia nchi nzima 2019. Ulizeni kituo chenu cha afya, na itakapotangazwa, binti yako awe mbele kwenye foleni. Kuchanjwa kwa binti hakumwondolei mama yake kipimo.

Ndugu zangu, kuna jambo linaloniwaka moyoni kila ninapopita njia ya magharibi ya mji wetu. Karibu kilomita 20 kutoka hapa uko mgodi wa Shinkolobwe. Dunia nzima inaujua kwa bomu la atomiki la mwaka 1945, na sisi wenyewe tumezoea kuusimulia hivyo. Lakini miaka mingi kabla ya bomu, jiwe la Shinkolobwe, lililogunduliwa mwaka 1915, lilikuwa jiwe la uponyaji. Kampuni ya migodi ya Union Minière ililisafirisha hadi Olen, Ubelgiji, ambako kuanzia mwaka 1922 lilitolewa radiamu, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya radiamu ya dunia ilitoka kwenye shimo hili letu. Na radiamu hiyo ilitumika kufanya nini? Ilitumika kutibu kansa. Moja ya kansa zilizotibiwa zaidi kwa radiamu huko Ulaya ilikuwa kansa ya shingo ya kizazi. Waganga wa Paris na Stockholm waliweka vijibomba vya radiamu karibu na uvimbe, na wanawake waliokuwa wamekata tamaa wakaishi.

Fikirini hilo. Babu zetu walichimba jiwe kwa mikono, bila kujua hatari yake, na jiwe hilo likaenda kuokoa akina mama wa nchi za mbali. Na leo, ndani ya sauti ya kengele ya kanisa hapa Likasi, mama mwenye ugonjwa uleule, ambao sasa umepenya hadi kwenye nyama na kuhitaji mionzi, anatazama njia ya Kasumbalesa akihesabu franga ambazo familia yake haina. Sisemi haya ili tuwachukie watu. Nayasema ili tusikubali kamwe neno kwamba uponyaji huu si wa watu kama sisi. Ni wetu. Ulitoka kwenye udongo wetu. Serikali inayochukua kodi ya migodi, na kampuni zinazopitisha malori ya kobalti mbele ya milango yetu usiku na mchana, zinataka tuziheshimu kwa ajili ya barabara. Sisi tuzidai vitanda vya kupimia, vifaa vya kuchomea, na wauguzi waliofundishwa, katika kila eneo la afya la mji huu. Tuzidai kwa barua, kwa majina yetu, kupitia viongozi wa makanisa wote kwa sauti moja.

Zamani kampuni ya migodi ya Gécamines ilimtibu mfanyakazi, mke na watoto. Kisha mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, na nyumba nyingi za Panda na Shituru zikabaki bila lupitalo la kuegemea. Najua kidonda hicho. Lakini tusiwafundishe binti zetu kukaa wakingoja kampuni irudi.

Baba zangu, nanyi nisikilizeni. Mwanaume wa Likasi akisikia jiwe jipya limepatikana porini, anapata nauli usiku huohuo. Mke akiomba nauli ya kipimo, anaambiwa subiri mwisho wa mwezi. Mpe leo. Mwambie mbele ya watoto kwamba unamtuma, ili asiende kwa kujificha. Akiambiwa apumzike mwezi mmoja baada ya matibabu, wewe ndiye mlinzi wa mwezi huo, na usiulize siku zimebaki ngapi. Mkitambua pia kwamba virusi hivyo vimepita kwetu wanaume kuwafikia wake zetu, mtaacha kuwaambia kwamba huo ni ugonjwa wa wanawake.

Mchungaji, padri, imamu, usiseme mimbari si mahali pa maneno haya. Umezika akina mama wangapi waliokuwa na umri wa kulea bado? Tangazo la kipimo lisomwe kama linavyosomwa tangazo la ndoa, wiki tatu mfululizo, kwa sauti, pamoja na jina la kituo na siku ya kupima. Usiku wa maombi, mwanamke akija mbele akasema anatokwa damu baada ya kukutana na mumewe, au damu imerudi baada ya kukoma hedhi, mwombee, na asubuhi yake atokee mama mmoja wa kanisa wa kumpeleka kwa munganga. Huyo asipangiwe siku za mfungo.

Na ninyi mama wa chama cha Kipendano, na ninyi wa jumuiya ndogo ndogo, ambao kwenye kila matanga mnafika wa kwanza na sufuria zenu, kazi hii ni yenu kuliko ya mtu yeyote. Kabla ya mkutano wenu ujao, waandikeni kwenye daftari mama wote wa miaka 30 na kuendelea, wawe wanasali nanyi au la. Tumeni wawili wakaulize kwenye lupitalo na vituo vya afya: je, mnapima kwa froti au kwa siki, siku gani, bei gani, nani anasoma vioo, majibu yanatoka lini, na anayekutwa na mabadiliko anatibiwa hapa au anatumwa wapi? Msiondoke bila jibu la swali la mwisho. Kisha nendeni kumi kwa kumi, mkiwa na vitenge vyenu vya chama, na wenye daftari waweke alama tatu mbele ya kila jina: amepimwa, amepata majibu, ametibiwa kama ilihitajika. Jina litakalobaki na alama moja tu, lifuateni hadi nyumbani kwake.